Moshi wa Rodi za Silva

Jumamosi, 2 Agosti 1986. Ikutha.

Naanza daftari hili leo. Naapa kuandika yote, hata yale yatakayonitia aibu. Bi. Kavata, mwalimu wetu wa kemia, alituambia siku ya kufunga shule: andika kwanza ulichokiona, kisha unachofikiri, na usivichanganye. Nitajaribu.

Nilifika jana jioni kutoka shuleni Kabati nikiwa na vumbi hadi masikioni. Leo asubuhi nilishatiwa kazini kukoroga uji. Si uji wa kunywa. Ni dawa nyeupe ya unga, naichanganya na maji kwenye kopo hadi iwe nzito. Inapakwa kwenye chuma ili silva ishike.

Kazi ya karakana yetu ni biti za mashine ya kuchimba visima. Biti ni chuma kinene, na mdomoni kina meno ya kijivu yanayokata mwamba. Mwamba wa huku huyang'oa meno hayo. Baba na Mjomba Kilonzo, ndugu yake Mama, huyarudisha kwa gesi na rodi za silva, vijiti vyembamba vinavyoyeyuka kwa moto na kushika jino. Kutoka Mutomo hadi Mto Athi hakuna mafundi wengine wanaoiweza kazi hii. Najivunia.

Mjomba alichungulia kopo. "Profesa, uji wako uko na madonge. Nani ataoa madonge?"

Nilimwambia atakayenioa atakunywa chai. Baba alicheka mpaka akakohoa. Akakohoa kwa muda mrefu.

Jumatatu, 4 Agosti

Leo ni siku ya homa. Kwetu ina jina kabisa: homa ya Jumatatu. Jumapili karakana hufungwa, tunakwenda kanisani. Jumatatu wanarudi kazini, na jioni wote wawili wanatetemeka na kusema midomo ina ladha ya sarafu. Jumanne wamepona. Mama huwapa maziwa, kila mtu kikombe kikubwa, kwa sababu maziwa huosha kifua. Mafundi wote husema hivyo. Mbuzi wetu wawili wanakamuliwa kwa ajili ya vifua hivyo. Sisi wengine ni chai ya rangi. Sijawahi kuuliza kwa nini Jumatatu.

Hassan alikuja na lori. Kwao ni kaskazini mashariki, lakini ana duka hapa sokoni tangu nikiwa mdogo, na lori lake hubeba ng'ombe. Siku hizi pia hubeba biti. Ameleta kumi na mbili. Mashine iko ng'ambo ya Athi, upande wa Makueni, na imekwama kwenye mwamba. Wanawake wa huko wanachota maji kwenye mchanga wa mto, nusu siku kwenda na kurudi.

"Fundi, fanya haraka," alisema. "Wale mama wananiangalia ni kama mimi ndiye nimeficha maji."

Mjomba, ambaye humwita kwa Kisomali, akasema, "Si umeyaficha kwa tumbo, Warya."

"Hii tumbo ni ya nyama. Yako ni ya muthokoi, mahindi na maharagwe tu, inalia hata kanisani."

Baadaye Baba aliniita nitazame. Ananifundisha kazi kwa kunionyesha tu. Alipasha biti mpaka ikawa nyekundu, akaigusa kwa rodi, akaendelea kupasha. "Ngoja. Ngoja. Sasa." Moshi wa manjano ulipanda, wenye ukahawia kidogo, kama vumbi la barabara. "Imeiva," akasema. Bila moshi huo haijaiva, jino litang'oka. Ndivyo alivyofundishwa, naye ndivyo alivyomfundisha Mjomba. Alikuwa na furaha akinipa siri hiyo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimesoma pakiti ya rodi. Ilikuwa imetupwa chini. Sijui kwa nini sikuwahi kuisoma. Nimeikanyaga miaka mingi.

Nilichokiona: alama nne. Ag, Cu, Zn, Cd. Ag ni fedha, Cu ni shaba, Zn ni zinki. Cd ni kadimiamu. Kwenye chati ya darasani iko chini ya zinki na juu ya zebaki. Kitabu changu kinaitaja kwa mistari miwili tu, na mstari wa pili unasema ni sumu.

Chini ya pakiti kuna maandishi madogo ya Kiingereza. Nimeyatafsiri: Ina kadimiamu. Moshi wake ni sumu. Usiuvute. Fanya kazi penye hewa inayopita. Unaweza kuua.

Ninachofikiri: moshi wa manjano ndio kadimiamu yenyewe. Wanasubiri sumu itoke ndipo wajue kazi imekwisha.

Nilimwambia Baba wakati wa chakula cha mchana. Nilikosea, kwa sababu Mjomba alikuwepo, na Baba hasomi Kiingereza. Ilionekana kama namwaibisha.

"Hiyo ni fedha," alisema. "Nyanya yako alivaa fedha masikioni mpaka tukamzika nayo. Ilimfanya nini?"

Nikasema si fedha, ni kitu kingine kimechanganywa ndani ili rodi iyeyuke upesi.

"Nimeifanya hii kazi miaka kumi na miwili, Mwende. Naonekana maiti?"

Mjomba alicheka, akalala chini na kujifanya maiti, ulimi nje. Nami nikacheka. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 7 Agosti

Upepo mkali tangu asubuhi. Baba amekwenda ng'ambo na Hassan kuiona mashine. Mjomba amebaki na biti saba peke yake. Nimekoroga uji. Saa nane Mama alinituma maji. Hakuna jingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Homa ya Jumatatu imekuja Ijumaa.

Jana jioni Mjomba alikula vizuri, akalalamika koo tu. Leo alfajiri alikuwa anatetemeka hadi kitanda kikalia. Kifua kinamuuma kama amepigwa. Mama amempa maziwa. Ameyatapika. Baba alinunua tembe za malaria dukani kwa Hassan. Kila mtu anasema malaria. Nami nasema malaria. Nataka sana iwe malaria.

Jumamosi, 9 Agosti

Midomo yake imebadilika rangi. Si nyeusi, si ya buluu. Kama zambarau isiyoiva. Anahema kama mtu aliyekimbia kutoka Mutomo hadi hapa, naye amelala tu.

Hassan alitoa ng'ombe kwenye lori, akatandika nyasi juu ya samadi, akatupeleka hospitali ya misheni. Nilishika kichwa cha Mjomba njia nzima. Karibu na Mutomo alifungua macho.

"Profesa. Maziwa hayajaosha."

Sikujua kama ni mzaha. Nilitabasamu ili iwe mzaha.

Jumapili, 10 Agosti

Wamepima damu. Hakuna malaria.

Daktari alimwuliza Mama mgonjwa anafanya kazi gani. Mama alisema fundi. Daktari akaandika fundi. Kuna mafundi wa nguo pia, na wa viatu, na wa redio. Nilikuwa na pakiti ndani ya Biblia. Nilimpa. Nilizungumza Kiingereza, nikasema yote: rodi, moshi, biti saba. Aliisoma pakiti mara mbili. Aliketi.

Alieleza polepole. Moshi huo unachoma mapafu, lakini hauonyeshi siku hiyo. Mtu anakula, analala, kisha mapafu yanajaa maji. Hakuna dawa ya kuutoa. Kuna hewa ya mtungi na kusubiri. Hakutuficha.

Akaniuliza kama chumba kilikuwa wazi.

Nikasema sijui.

Jumanne, 12 Agosti

Mjomba Kilonzo amekufa leo saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Ijumaa, 15 Agosti

Tulimzika jana. Watu walikuwa wengi. Mchungaji alisema malaria mbaya. Wengine nyuma yangu walisema kuna mtu alimwonea wivu kwa sababu ya kazi ya mashine. Hassan alisimama nje ya kundi na kofia yake mkononi, kisha akachukua jembe akafukia kaburi pamoja na wajomba. Baba hakulia. Alikuwa anakohoa.

Niliapa kuandika yote. Alhamisi sikuandika yote.

Upepo ulikuwa unapuliza moto wa gesi, biti hazipati joto. Mjomba alisema, "Profesa, funga mlango." Nilifunga. Vumbi likaingia kwa chini. Akasema, "Na hapo chini." Nilichukua gunia nikaliziba. Dirisha lilikuwa limefungwa tayari. Nilikuwa nimeisoma pakiti siku moja kabla. Nilijua maneno yake kwa moyo: penye hewa inayopita. Nikaziba kwa mikono yangu, nikaenda kuchota maji, kwa sababu sikutaka kuchekwa tena.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Leo asubuhi nilimwambia Mama. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Nikafikiri hakunisikia. Nikaanza upya.

"Nimesikia," alisema. Akatupa jiwe dogo. Akachagua tena. "Mwende. Huo mlango mimi nimeufunga mara ngapi?"

Tulichagua maharagwe yote, hata ya wiki ijayo.

Jumatatu, 18 Agosti

Msimamizi wa mashine amekuja mwenyewe. Alitoa pole, akachukua biti zilizokuwa tayari, kisha akashusha nyingine kumi. Mwamba haujaisha. Kisima kimefika nusu. Mashine ikisimama sana, wenye mradi wataihamisha na lile shimo litabaki shimo. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaniudhi.

Baba aliingia karakana kwa mara ya kwanza tangu kifo. Nilisimama mlangoni. Nilimwambia kwamba daktari alipima mkojo wake siku ile tuliyokuwa hospitali na kusema figo zinaanza kuvuja, na kwamba yeye Baba alituficha, ila mimi nilisikia. Alinitazama kama mtu mgeni.

"Nitafanya kazi gani nyingine? Niambie. Wewe ndiye umesoma."

Nilimletea karatasi. Ndani ya katoni ya rodi kuna orodha ya rodi za kampuni. Moja imeandikwa haina kadimiamu. Inataka moto mkali zaidi, na ni ngumu zaidi kutiririka. Nilipomsomea, Baba akapandisha mkono juu ya boriti akatoa rodi moja yenye vumbi. Wakala wa Nairobi anayeuza rodi aliwahi kumpa aijaribu.

"Hii? Hii haiivi. Niliipasha mpaka nikachoka."

Tulifungua mlango na dirisha. Akapaka uji, akapasha, akaigusa. Rodi iliyeyuka. Akaendelea kupasha. Nilijua anasubiri nini. Nilifungua mdomo, na kabla sijasema jino lilipasuka kwa mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Joto limezidi. Akajaribu la pili. Lilipasuka pia.

Alizima gesi. "Umeona," akasema.

Nimeona. Nimeona rodi haina kosa. Kosa ni alama. Hii haitoi moshi, kwa hiyo hata ikiiva mara kumi Baba hataamini.

Jumanne, 19 Agosti

Usiku sikulala vizuri nikifikiria alama nyingine. Alfajiri nilikumbuka kopo langu. Miaka yote mimi ndiye nimeukoroga uji na ndiye nimeutazama, kwa sababu sina kingine cha kutazama wakati wao wanatazama moshi. Mwanzo ni mweupe. Unakauka. Unavimba kama maandazi madogo. Kisha unatulia, na ghafla unakuwa angavu kama maji juu ya chuma. Daima katika mpangilio huo.

Nilimwomba Baba tujaribu nje, saa kumi na mbili, kabla ya upepo. Alikubali. Nadhani kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa.

Nilichuchumaa karibu. Mweupe. Umevimba. Umetulia. Maji! Nikasema, "Bado kidogo, chuma kiwe chekundu cha giza." Kikawa. "Sasa." Akagusa. Silva ilikimbia kuzunguka jino lote, mstari mmoja mwembamba unaong'aa. "Toa moto, Baba." Mkono wake ulikataa. Nikasema tena. Akautoa.

Hakuna moshi. Asubuhi tupu tu, na mbuzi.

Hassan alipokuja aliigonga kwa nyundo ya lori. Akaigonga tena kwa hasira, kama ndiyo iliyomuua Mjomba. Jino halikusogea.

"Imeiva bila kusema," Baba alisema. Aliketi juu ya mtungi wa gesi akafunika uso kwa kitambaa. Hapo ndipo alipolia.

Tulipata biti mbili. Rodi ikaisha.

Alhamisi, 21 Agosti

Biti mbili hazitoshi. Msimamizi ametuma neno na Hassan: anataka zote kumi kabla ya wiki kuisha, vinginevyo atapeleka kazi mjini Kitui. Huko nao watatumia rodi zile zile, na mtu mwingine atawafungia mlango.

Baba ana pakiti tatu za zamani. Alisema atafanya nje na atashika pumzi. Nilisema pumzi haishikwi muda huo. Alifunga kitambaa kibichi puani. Biti ya kwanza ilikwenda vizuri, moshi ulikwenda kwa jirani. Ya pili upepo uligeuka. Nilimwona akiingia ndani ya ule umanjano mpaka mabegani, na hakutoka, kwa sababu ilikuwa bado haijaiva.

Nilipiga kelele. Niliita jina lake, si Baba, jina lake. Majirani walitoka. Aibu kubwa. Sijali.

Alifanya nne. Jioni alitetemeka. Leo si Jumatatu.

Ijumaa, 22 Agosti

Mama ameacha kukamua mbuzi kwa ajili ya kifua. Maziwa ameyamwaga kwenye chai yetu sote. Baba alikunywa chai kama sisi.

Jumanne, 26 Agosti

Baba hajapata kilichompata Mjomba. Siku tano nimehesabu pumzi zake akiketi. Bado anakohoa. Biti sita alizopeleka zimepokelewa. Zilizobaki nne ameziacha sakafuni. Anazipita. Anafagia kandokando yake.

Hassan anasema shimo linashuka taratibu. Bado kavu. Wale mama bado wanamwangalia.

Jumapili, 31 Agosti

Kesho narudi shuleni. Kanisani tuliimba. Kwenye siti ya Mjomba alikaa mtoto wa mtu, na hakuna aliyemwondoa.

Mchana nilipanga sanduku langu: sare, vitabu, sabuni, blanketi. Karakana ilikuwa wazi. Nilichukua pakiti mbili za zamani zilizosalia na ile iliyofunguliwa, nikazifunga ndani ya sweta. Baba aliingia wakati nazilaza chini ya vitabu. Aliona. Nilingoja. Aliinama, akazisukuma kando kidogo ili kifuniko kishuke vizuri, akakifunga, akaweka kufuli. Ufunguo akanipa mimi. Kisha akatoka kwenda kuona mbuzi.

Nitazipeleka kwa Bi. Kavata. Atajua pa kuziweka.

Jioni nimeandika barua kwa wakala wa Nairobi. Nimeiandika kwa Kiswahili ili Baba aelewe nikimsomea. Alisikiliza yote. Hakunirekebisha popote ila pale nilipoandika kwamba ameacha kazi. "Sijaacha," alisema. "Andika ninangoja." Nimeandika hivyo. Mwisho wake nainakili hapa, ili nijue nilichouliza siku jibu likija:

Baba yangu ni fundi wa biti, na anangoja. Ana biti nne sakafuni na hana rodi. Najua zile zisizo na kadimiamu huchukua muda kufika, lakini tafadhali nijibuni kwa posta ya kwanza itakayorudi: je, mnazo, na zinaweza kufika Ikutha kabla hajaenda Kitui kuazima zile zenye moshi?